Bure Haitoshi: Mwongozo wa Kufikisha Sanaa na Utamaduni kwa Wakazi Wote wa Dar es Salaam

Ukichukua ramani ya Dar es Salaam na kutia nukta kila mahali penye makumbusho, jumba la maonyesho au kituo cha sanaa kinachofahamika, nukta nyingi zitajipanga katika ukanda mmoja mwembamba unaoanzia Kivukoni na kuelekea kaskazini sambamba na bahari. Makumbusho ya Taifa na Nyumba ya Utamaduni iko Mtaa wa Shaaban Robert, vituo vya utamaduni vya Ujerumani na Ufaransa viko Upanga, wachoraji wa Tingatinga wako Oysterbay, Nafasi Art Space iko Mikocheni, na Kijiji cha Makumbusho kiko Kijitonyama kando ya Barabara ya Bagamoyo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na sehemu kubwa yao wanaishi nje kabisa ya ukanda huo: Mbagala, Chanika, Gongo la Mboto, Kitunda, Kimara, Mbezi na ng'ambo ya Kigamboni.

Mpangilio huu haukutokea kwa bahati. Wajerumani, na baada yao Waingereza, waliugawa mji katika kanda za ujenzi ambazo kwa vitendo zilikuwa kanda za rangi, yaani Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1940 kwa kumbukumbu ya Mfalme George V yaliwekwa pale ambapo watawala walikuwa wakiishi na kufanya kazi. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni, na majumba yale yakawa mali ya taifa. Umiliki ulibadilika, lakini majengo yalibaki palepale, na taasisi mpya zilizofuata zilivutwa na barabara nzuri, umeme wa uhakika na wafadhili waliokuwa wakiishi jirani.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya viongozi wa vikundi vya sanaa, wasimamizi wa kumbi na vituo, maafisa utamaduni wa halmashauri, walimu, na wajumbe wa serikali za mitaa wanaotaka sanaa iwafikie watu ambao kwa kawaida haiwafikii. Hoja yake ni moja: kufuta kiingilio hakutoshi. Onyesho la bure linalofanyika Upanga saa mbili usiku huwanufaisha wakazi wa Upanga na wenye magari, kwa hiyo fedha zilizotumika kulifanya kuwa la bure huwa zimewafidia watu ambao wangeweza kulipa. Kabla ya kutangaza neno "bure", yako mambo mengine ya kupangwa.

Anza kwa kuorodhesha kilichopo mtaani

Usianze na dhana kwamba Mbagala au Tandale hakuna sanaa na kwamba wewe ndiye unayeipeleka. Muziki wa singeli ulikulia uswahilini, katika mitaa kama Manzese na Tandale, bila kituo chochote cha utamaduni kuulea. Kabla yake kulikuwa na mchiriku, na kabla ya mchiriku ngoma ya mdundiko ya Wazaramo, ambayo mpaka leo hutembezwa mitaani kwenye shughuli za kumtoa mwali na harusi. Ongeza kwaya za makanisani, vikundi vya kaswida vya madrasa, taarabu za kumbi za baa, na vibanda umiza ambamo vijana hutazama filamu zilizosimuliwa kwa Kiswahili na madijei. Kwa maoni yangu kwaya na kaswida ndizo sanaa zenye washiriki wengi kuliko zote katika jiji hili, na ni nadra kuziona katika mpango wowote wa utamaduni unaoandikwa ofisini.

Kwa hiyo, tenga majuma mawili au matatu, uzunguke kata unayoilenga pamoja na mjumbe wa kamati ya mtaa au mtu mwingine anayeaminika pale. Kuwa na karatasi mbili. Katika ya kwanza andika maeneo: viwanja vya wazi, kumbi, madarasa ya shule yasiyotumika jioni, ofisi za kata zenye uwanja, vibanda vya video. Kwa kila eneo andika linaingiza watu wangapi, lina choo na umeme au la, nani mwenye idhini ya kulifungua, na kituo cha daladala kilicho karibu. Katika karatasi ya pili andika vikundi: siku na mahali wanapofanyia mazoezi, umri wa wanakikundi, na jambo moja wanalolikosa kuliko mengine yote.

Swali hilo la mwisho mara nyingi huleta jibu ambalo wapangaji hawakulitegemea. Vikundi vingi vya mitaani haviombi jukwaa. Vinaomba mahali pa mazoezi penye paa, mlango unaofungwa na pa kuhifadhia ngoma na spika. Ikiwa hivyo ndivyo katika kata yako, basi makubaliano na mwalimu mkuu ya kutumia darasa jioni mbili kwa juma yatakuwa na faida kubwa kuliko tamasha la siku moja, na gharama yake itakuwa ujira wa mlinzi, balbu na usafi.

Piga hesabu ya safari nzima

Gharama anayoipima mtu nyumbani kabla ya kuamua kwenda kutazama sanaa ni ya safari nzima. Chukua mfano wa mama wa Chanika mwenye watoto wawili anayetaka kuwapeleka Makumbusho ya Taifa siku ya Jumamosi. Atapanda zaidi ya gari moja kwenda na zaidi ya gari moja kurudi, atalipa nauli ya vichwa vitatu, na watoto wasipovaa sare za shule kondakta hatakubali kirahisi nauli ya mwanafunzi. Hata wakivaa, wapo makondakta wanaowakwepa wanafunzi. Njiani watahitaji maji na chakula. Kiingilio cha mtoto wa Kitanzania kitakuwa sehemu ndogo mno ya fedha alizotumia, na bado hatujahesabu kazi za nyumbani na biashara ndogo aliyoiacha siku nzima.

Fanya hesabu hiyo kwa kila onyesho unalopanga. Chagua mitaa mitatu iliyo mbali, uliza wakazi wake wanapanda magari gani, kisha andika jumla ya nauli za familia ya watu wanne kwenda na kurudi, pamoja na muda watakaokuwa barabarani. Ukiona kwamba nauli inazidi kiingilio mara kadhaa, basi punguzo la kiingilio halitaleta mabadiliko makubwa, na ni bora fedha hizo uzielekeze kwenye usafiri au uhamishe onyesho lenyewe.

Katika hesabu hii usitazame kilomita peke yake. Tangu mabasi ya mwendokasi yaanze mwaka 2016 kati ya Kimara, Kivukoni, Gerezani na Morocco, mkazi wa Kimara au Ubungo anaweza kufika Kivukoni kwa basi moja, na kutoka hapo Makumbusho ya Taifa ni mwendo wa miguu. Mkazi wa Kigamboni anayevuka kwa pantoni hushukia Magogoni, jirani kabisa na hapo. Maana yake ni kwamba kwa watu hao jengo la katikati ya mji linafikika kwa urahisi kuliko kituo kilichojificha ndani ya eneo la viwanda vidogo Mikocheni, ambako daladala huishia barabara kuu na sehemu iliyobaki ni bajaji, bodaboda au miguu. Taasisi iliyo mbali na kituo inaweza kukubaliana na madereva wa bajaji wa kijiwe cha jirani ili siku ya onyesho wabebe wageni kwa bei iliyopangwa na kubandikwa wazi.

Njia ya kukodi daladala ni nzuri kwa makundi, hasa wanafunzi na wazee, lakini ina mtego wake. Ukikodi gari moja kuchukua watu kutoka Mbagala kwenda Upanga mara moja kwa mwaka, umewapa matembezi tu, kwa kuwa siku inayofuata umbali uko vilevile na hakuna aliyepata njia ya kurudi mwenyewe. Fedha za kukodi magari manne kwa kawaida zinatosha kulipeleka igizo la watu wanane na vyombo vyao Mbagala, na igizo hilo likaonwa na mamia. Mimi ningehifadhi magari ya kukodi kwa ajili ya vitu ambavyo haviwezi kuhamishwa, kama vile mabaki ya kale yaliyomo makumbusho au nyumba za jadi za Kijiji cha Makumbusho, na kila kinachohamishika ningekihamisha. Hata makumbusho ina vinavyohamishika: nakala za picha, mabango ya maelezo na mhifadhi mmoja mwenye ufasaha wa kuzungumza vinaweza kukaa mwezi mzima katika shule ya kata.

Chagua saa na siku kwa kufuata ratiba ya watu

Saa moja na nusu usiku ni saa ya watu wenye usafiri wao. Kwa wakazi wa pembezoni, hasa wanawake na wasichana, onyesho linalomalizika saa nne usiku linamaanisha kusubiri gari gizani na kulipa bodaboda kwa bei ya usiku. Onyesho linalolenga familia lianze saa tisa alasiri na liishe saa kumi na mbili, na liishe kweli, maana utamaduni wetu wa kuanza kwa kuchelewa humwadhibu zaidi yule aliyetoka mbali. Ukitangaza saa tisa kisha ukaanza saa kumi na moja kwa kuwa mgeni rasmi hajafika, mkazi wa Gongo la Mboto ataondoka kabla ya sehemu aliyoifuata.

Siku pia zina wenyewe. Ijumaa mchana ni ya swala, Jumapili asubuhi ni ya ibada, Jumamosi imejaa harusi, misiba na vikoba, na mwezi wa Ramadhani unabadilisha ratiba ya mji mzima. Anayepanga igizo siku ya mechi ya Simba na Yanga amejitakia viti vitupu. Waulize wahusika wenyewe, kwa sababu majibu hutofautiana: wauza samaki wa Feri huwa huru mchana, wakati mafundi wa gereji wanapatikana Jumapili pekee.

Kiingilio na ujira wa msanii

Kiingilio cha ngazi tofauti si jambo geni kwetu. Makumbusho ya Taifa hutoza wageni kutoka nje zaidi ya Watanzania, na tamasha la Sauti za Busara la Zanzibar, lililoanza mwaka 2004, huuza tiketi kwa wenyeji kwa bei ya chini kuliko ya wageni. Kanuni hiyohiyo inaweza kutumika ndani ya jiji: bei kamili kwa wanaoiweza, bei ya chini kwa wanafunzi, wazee na wakazi wa kata inayopokea onyesho, na viti kadhaa visivyolipiwa vinavyogawiwa kupitia vikundi vya mtaani. Jambo la kuepuka ni kumtaka mtu athibitishe umaskini wake mlangoni. Bei ya chini itolewe kwa anayeiomba, bila barua na bila maswali. Watakaoitumia vibaya watakuwa wachache, na hasara yao ni ndogo kuliko aibu ya mtu mzima kuhojiwa mbele ya watoto wake.

Hata hivyo haki ya mtazamaji isigharamiwe na msanii. Katika jiji hili maonyesho mengi "ya bure kwa jamii" huwezekana kwa kuwa wacheza ngoma wameahidiwa soda, nauli na "kujulikana", wakati mwenye jenereta, mwenye mahema na mshereheshaji wamelipwa taslimu. Mpango wa namna hiyo humwezesha kijana wa familia yenye uwezo kuendelea na sanaa na humlazimisha wa familia maskini kuiacha, kwa hiyo unazuia upatikanaji wa sanaa kwa upande wa pili. Andika ujira wa wasanii juu kabisa ya bajeti kabla ya mapambo. Kubaliana nao kwa maandishi, hata ukurasa mmoja: kiasi, tarehe ya malipo, nani analipia usafiri na chakula, na kama picha za video zitatumika baadaye. Lipa sehemu kabla ya onyesho, na kwa kikundi kikubwa mtumie kila mwanakikundi fedha zake kwa simu, kwani fedha za ngoma zinazopitia mfukoni mwa kiongozi mmoja zimevunja vikundi vingi. Nyimbo na kazi za watu wengine zitakazotumika ziulizwe katika Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA.

Vibali, barua na kelele

Hapa ndipo vikundi vidogo hukwama, na ndipo taasisi kubwa inapoweza kusaidia bila kutumia fedha nyingi. Kwa onyesho la hadharani uwanjani kwa kawaida utahitaji ridhaa ya serikali ya mtaa, barua ya mtendaji wa kata, ufahamu wa afisa utamaduni wa halmashauri na taarifa kwa kituo cha polisi. Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lililoundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1984, husajili wasanii na vikundi na hutoa vibali vya matukio ya sanaa, na ukitaka kuonyesha au kupiga filamu hadharani, uliza pia Bodi ya Filamu. Usisubiri juma la mwisho. Andika barua zote siku moja, kila moja ikiwa na nakala kwa wengine, ukitaja tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, idadi ya watu inayotarajiwa, mpango wa usalama na jina la mtu mmoja anayewajibika. Hakikisha nakala yako inagongwa mhuri wa kupokelewa, na siku ya onyesho uwe nayo mkononi.

Pamoja na vibali, zungumza na majirani wa uwanja, hasa wenye wagonjwa, wenye watoto wachanga na viongozi wa misikiti na makanisa ya karibu. Vigodoro vimewafanya wazee wengi wa mitaa kusikia neno "muziki" na kufikiria usiku wa kukesha na matusi. Ukiwaeleza kwamba sauti itazimwa saa kumi na mbili jioni, na kwamba spika zitaelekezwa mbali na nyumba, utapata watetezi ambao barua peke yake isingekupatia. Timiza ahadi hiyo, kwa sababu kibali cha onyesho linalofuata kinategemea kumbukumbu ya lile lililopita.

Kituo kilichosajiliwa chenye ofisi na mhasibu kinaweza kujitolea kuwa mdhamini wa maombi ya vikundi visivyosajiliwa huku kikiwasaidia kujisajili. Huo ni mchango usioonekana kwenye picha za tamasha, lakini kikundi kikishapata usajili hakitahitaji tena kumpigia magoti mtu.

Watu wenye ulemavu wahusishwe tangu siku ya kupanga

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, inatambua haki ya watu wenye ulemavu kushiriki katika maisha ya utamaduni, lakini ngazi za ukumbi haziondoki kwa kusomwa sheria. Nenda kwenye ukumbi ukiwa na mtu anayetumia kiti cha magurudumu, muanzie kituo cha daladala mpaka chooni, na uandike kila kizuizi. Vizuizi vingine huondolewa na ubao wa mteremko unaochongwa na fundi seremala kwa siku moja. Vingine vitakulazimu kubadili ukumbi.

Kwa viziwi, wasiliana na Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, ili kupata wakalimani wa Lugha ya Alama ya Tanzania. Onyesho refu linahitaji wawili wanaopokezana, nao wapatiwe maandishi ya igizo au mashairi siku kadhaa kabla, wasimame mahali penye mwanga na kulipwa kama wataalamu wengine. Viti vya mbele upande wao vihifadhiwe. Kwa wasioona, igizo lenye vitendo vingi linahitaji msimulizi anayeeleza kwa sauti ya chini kinachoendelea, na katika maonyesho ya vinyago tengeni angalau vipande vitatu vinavyoruhusiwa kushikwa. Kwa watu wenye ualbino, onyesho la uwanjani alasiri bila kivuli ni sawa na kuwaambia wasije, hivyo hema la watazamaji liwe la lazima. Hayo yote ni nafuu yanapopangwa mapema na ghali yanapokumbukwa siku ya mwisho.

Matangazo

Bango la Kiingereza lililowekwa Instagram huwafikia wale wanaokuja siku zote. Tangazo liwe kwa Kiswahili chepesi na lifuate njia ambazo habari za mtaa hupitia: gari la matangazo, makundi ya WhatsApp ya mitaa na ya wazazi wa shule, matangazo baada ya ibada, mbao za ofisi za kata, na vijiwe vya bodaboda. Taja saa ya kumaliza, magari ya kupanda na kituo cha kushukia. Maelezo yanayobandikwa kando ya picha na vinyago yawe nayo kwa Kiswahili kwanza, kwa herufi kubwa, na yaandikwe na mtu anayejua kusimulia.

Nani anaamua kitakachoonyeshwa

Unaweza kutatua nauli, saa, vibali na viti, kisha ukapeleka onyesho ambalo hakuna aliyelihitaji. Somo hili limekwisha kufundishwa nchini mwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanataaluma wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, mkoani Mwanza, kwa utaratibu ambao wakazi wenyewe walitaja matatizo yao, wakayachambua, wakatunga michezo kwa kutumia ngoma na mitindo wanayoijua, kisha wakajadili baada ya kutazama. Wasomi hawakwenda na igizo lililokamilika mkobani. Mradi wa Tuseme, ulioanza mwaka 1996 katika shule za sekondari, ulitumia msingi huohuo kwa wasichana.

Kwa jiji, utaratibu huo unaweza kuwa kamati ndogo ya kata yenye watu saba au tisa: vijana, wanawake wanaofanya biashara, mtu mwenye ulemavu, mwalimu, mzee anayejua ngoma za eneo, na msanii mmoja au wawili. Wape madaraka ya kweli juu ya sehemu ya bajeti, hata theluthi moja, wachague wenyewe nini kialikwe. Kamati inayoitwa kutoa "maoni" tu hufa baada ya vikao viwili. Jiandae pia kukubali uamuzi usiokupendeza. Wakichagua singeli na wewe ulitaka ushairi, leta singeli, na mshairi apewe nafasi ya dakika kumi katikati. Umati uliokuja kwa ajili ya kitu unachokipenda huwa mwepesi wa kusikiliza kisichozoeleka.

Fedha za umma na viwanja

Wafadhili huja na kuondoka, kwa hiyo jambo la kudumu lazima liingie katika mpango wa halmashauri. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na mapendekezo ya ngazi ya chini hukusanywa miezi mingi kabla ya hapo. Pendekezo lenu lipite mkutano wa mtaa, liingie Kamati ya Maendeleo ya Kata na kumfikia diwani kabla ya mwisho wa mwaka wa kalenda. Linaloletwa mwezi Machi hukuta hesabu zimekwisha fungwa. Ombeni kitu kinachoweza kuandikwa katika mstari mmoja wa bajeti: paa la jukwaa, umeme wa darasa la mazoezi, choo cha uwanja. "Kukuza utamaduni" hakuna mhasibu anayejua kukinunua.

Halmashauri pia hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, yaani asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni mikopo, si ruzuku. Inafaa kwa kikundi kinachouza batiki au kukodisha vyombo vya muziki, na ni hatari kwa kikundi ambacho maonyesho yake hayana mapato. Hali ni hiyohiyo kwa mikopo ya Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania: piga hesabu ya marejesho kabla ya kusaini.

Kuhusu viwanja, Mwembe Yanga cha Temeke, Zakhem cha Mbagala na Biafra cha Kinondoni vimetumika kwa mikutano na burudani kwa muda mrefu, lakini maeneo madogo ya wazi ya mitaani humegwa kimyakimya kwa fremu za maduka na maegesho. Ombeni ofisi ya mipango miji ya halmashauri iwaonyeshe ramani ya eneo lenu, mjue ni viwanja gani vimeandikwa kuwa vya wazi, kisha vitumieni mara kwa mara. Kiwanja chenye mazoezi ya ngoma kila Jumamosi kina mashahidi wengi siku mtu anapokuja na mifuko ya saruji.

Nairobi inatupa mfano wa majengo. Maktaba ya McMillan ilifunguliwa mwaka 1931 katikati ya mji huo kwa ajili ya Wazungu. Shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, lilipoingia ubia na serikali ya kaunti ili kuifufua maktaba hiyo na matawi yake, lilikarabati kwanza matawi ya Kaloleni na Makadara, katika mitaa ya Eastlands, kabla ya jengo kuu lenye nguzo na hadhi. Mpangilio huo wa kazi ungefaa kuigwa na kila anayetafuta fedha za ukarabati hapa kwetu.

Hesabu mlangoni

Hakuna haja ya utafiti mkubwa ili kujua kama mpango unafanya kazi. Mlangoni, muulize kila mtu mzima maswali matatu: unatoka mtaa gani, umetumia nauli kiasi gani, na umepataje habari. Usiulize jina, kabila, kipato wala namba ya simu. Hamzihitaji, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawawajibisha wanaokusanya taarifa za watu. Vijana wawili wenye daftari wanatosha. Baada ya kila onyesho jumlisheni kwa mitaa, na kila miezi sita mbandike majumlisho hayo kwenye ubao wa ofisi ya kata pamoja na kiasi cha fedha kilichotumika.

Mitaa isiyoonekana katika daftari kwa miezi sita ndiyo itakayopokea maonyesho ya miezi sita inayofuata, hata kama ukumbi wake ni mbovu na hata kama mgeni rasmi atalalamikia vumbi. Ikiwa habari zote zinatoka Instagram, punguzeni fedha za mabango na mkodi gari la matangazo. Ikiwa nauli zilizoandikwa ni ndogo kila mara, basi wanaokuja ni majirani pekee, na onyesho linalofuata lihamie kituo cha mwisho cha daladala.